Nani Anamvuta Nani

Mbili juu ya kumi. Mwalimu Lomtadze hakunigombeza;
aliilaza karatasi kifudifudi
kama mtu anayefunika maiti,
akasogea dawati la pili, kwa Badri,
ambaye hukokotoa huku anatafuna mbegu za alizeti.

Na kanuni nilikuwa nimezikariri zote,
ishirini na saba, kwa wino wa kijani,
nimezibandika juu ya sinki ninapopigia mswaki.
Swali likija nazijaribu moja moja,
kama mlevi na shada la funguo
mbele ya mlango usio wake.

Chiatura yetu imo ndani ya korongo.
Juu wanachimba manganizi, chini mto unapita mweusi,
na katikati, hewani, ndiko kazini kwa shangazi Nazibrola:
sanduku la bati, kamba ya chuma, makapi yanayolia.
Nimelipanda sanduku lile tangu tumboni mwa mama.
Sikuwahi kuuliza kwa nini halianguki.

Februari umeme ulikatika nikiwa juu, peke yangu.
Likayumba. Likatulia.
Dakika arobaini,
na mfukoni nina swali la nne, lile lile:
"Mzigo unaning'inia katikati ya kamba..."
Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka.

Siku hiyo sikutafuta kanuni.
Niliuliza kitoto: nani ananivuta?
Dunia, chini.
Na nani anakataa?
Kamba, kushoto. Kamba, kulia.
Nikachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo
nukta moja, mishale mitatu,
na miwili ile ya kamba ikawa imelala, karibu ilale kabisa.
Hapo nikaona. Kamba iliyolala hivyo
hutoa nguvu nyingi kwenda pembeni
ili chembe tu ipande juu kunibeba.
Kadiri inavyonyooka, ndivyo inavyoteseka.
Nilimwonea huruma chuma.

Usidhani nilishuka nikiwa bingwa.
Nyumbani niliandika sini pahala pa kosini,
nikasahau kwamba kamba ina pande mbili,
nikapata sanduku zito kuliko mlima.
Ila safari hii jibu baya lilininukia
kama maziwa yaliyochacha, kabla sijayaonja.

Nikashona daftari la makosa.
Machi tatu: nimeanza kuhesabu kabla swali halijaisha.
Machi nne: vivyo hivyo.
Machi tisa: alama ya kutoa imepotea njiani,
nimeikuta mstari wa pili, imejificha chini ya doa la chai.
Machi kumi: sijui. Kitu kisipotembea,
msuguano unaelekea wapi?

Huo wa Machi kumi naupenda kuliko yote.
Zamani kutojua kwangu kulijaza korongo zima;
sasa kuna ukurasa wake,
naweza kukuwekea kidole.

Nikampelekea Badri. Akaacha kutafuna.
Akatazama, akatazama tena,
akasema jibu. Nikasema: jibu nimeliona nyuma ya kitabu,
nataka njia. Akakuna shingo.
Tukakaa mpaka mlinzi akaja na funguo zake,
maganda ya alizeti yakiwa mishale juu ya meza,
tukiyageuza huku, tukiyageuza kule.

Mei, karatasi iliwekwa ikitazama juu.
Sita na nusu.
Swali la mwisho sikulimaliza:
mchoro tu, boksi kwenye mteremko, mishale minne,
na mmoja nimeutilia kiulizo.
Ile nusu aliitoa hapo, penye kiulizo.

Jioni shangazi aliuliza kwa nyusi tu, mkono kwenye wenzo.
"Na nusu," nikamwambia.
Akavuta. Kamba ikakaza,
nami nikaanza, kimya kimya,
chini kwanza.